Sponji ya kwa Daktari wa Meno

Shoga, mimi kwa daktari wa meno sirudi tena. Bora yaoze yote.

Unakumbuka lile tangi la samaki la binti yangu? Muuza samaki kaniambia nisubiri mwezi mzima kabla ya kuwatia, mpaka chujio liote bakteria wa kula uchafu wa samaki. Au nipate sponji chafu ya tangi la zamani, niiweke kwenye chujio langu, mambo yaende haraka. Na mtoto kila asubuhi, "Mama, samaki wangu wako wapi?"

Sasa pale kwa daktari, mapokezi, kuna tangi la miaka. Nikaangaza huku na huku, hakuna mtu. Nikazamisha mkono mpaka kiwikoni.

"Mama, unaiba samaki?"

Daktari mwenyewe! Mlangoni!

Nikamjibu, "Hapana, naiba uchafu."

NAIBA UCHAFU, shoga! Kwa mdomo wangu huu huu!

Ikabidi nimweleze yote, sponji inanichuruzikia kwenye sketi. Akacheka mpaka akashusha barakoa. Akanikatia nusu, akanifungia kwenye mfuko na maji yake. Halafu akanikalisha kitini, nikapanua mdomo, akamulika jino baada ya jino.

"Mama, umehangaika bure. Bakteria mbona unao wa kutosha humu?"