Ukoo wa Htet ni Upi?

Mtaa wa Soko la Chini,
Mawlamyine.
14 Machi 2016.

Mpendwa mdogo wangu Naing Htet,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Su Myat na mtoto, na kwamba baridi ya huko Uingereza imeanza kulegea. Kikohozi cha mtoto kimepona? Sisi tupo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Baba hajambo kidogo. Daktari amesema moyo wake umechoka, asipande tena ngazi za pagoda kwenda kusali. Anazipanda.

Picha tumeipata. Mtoto kachukua pua ya Mama, maskini! Mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha akaigeuza, akaniambia nimsomee ulichoandika nyuma. Nikasoma: Emily Htet. Kicheko kikaishia hapo.

Naing, nimeudhika, sina haja ya kuzunguka. Kila mwaka nafundisha somo lile la Kiingereza: "Huyu ni Bwana Brown. Mke wake ni Bibi Brown. Brown ni jina lao la ukoo." Kila mwaka wanafunzi wanavunjika mbavu, maana kwetu hakuna jina la ukoo, kila mtu ana lake. Juzi mmoja kaniuliza, "Mwalimu, huyo mama kwao hawakumpa jina?" Na mimi nilicheka nao, kumbe Bibi Brown ni Su Myat wetu, huko mnamwita Bibi Htet!

Najua utajitetea. Ulipofika huko walishika kipande cha mwisho cha jina lako wakakiita cha ukoo, nawe ukanyamaza kwa kuwa ulikuwa mgeni. Sawa. Lakini mtoto umemzaa ukiwa mwenyeji. Hukuweza kufungua mdomo?

Baba aliichukua ile picha, akaiangalia weee, kisha akaniuliza, "Ukoo wa Htet ndio upi? Mimi Pe Maung. Mama yenu Ohn Kyi. Wewe Thiri Hlaing. Huyo Htet ni nani kwetu?" Nikamfungulia ukurasa wa Bwana Brown, mimi mwalimu wa Kiingereza. Kila siku ina herufi zake za majina, na Htet ni jina la Jumamosi. Ulipewa wewe kwa kuwa ulizaliwa Jumamosi. Mwanao ni wa Jumatatu, na hana hata herufi moja ya siku yake.

Na jina lake lipo. Baba alikwenda kwa mtawa siku ileile ulipopiga simu kwamba amezaliwa, wakachagua Kay Khaing. Alitaka umuulize mwenyewe, kama yeye alivyomuuliza babu. Hukuuliza. Nilipomwambia nitakuandikia, alinijibu, "Mwache, ana kazi nyingi." Inaniuma, Naing.

Kila Jumatatu ndipo anapopanda ngazi za pagoda, kwenda kumwombea mjukuu wake kwa kumwagia maji sanamu ya kona ya Jumatatu, penye yule chui milia. Wenzake wakimuuliza mtoto anaitwa nani, anasema bado.

Shuleni na aitwe Emily, sigombani na Waingereza. Ila Jumapili hii piga simu, mpakate mtoto, umuulize Baba jina, kisha mwite mwanao kwa jina hilo Baba akisikia. Usingoje mvua zianze. Sijui kama moyo wake utafika huko.

Msalimie sana Su Myat, nami nitamwita Su Myat mpaka nife. Mama anawatumia majani ya chai yaliyochachushwa, yale ya kula, msiwape majirani. Mkingwe na kila baya, nyote watatu.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Thiri Hlaing
(yote mawili ni yangu, alinipa Baba)