Babu Hatakula Kwako, Baba Mkubwa

Katubuka,
Kigoma.
19 Aprili, 1998

Mpendwa Baba Mkubwa Omari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, pamoja na Mama Mkubwa Hadija na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Babu, na habari za Babu ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mvua bado ni nyingi, ziwa limepanda mpaka kwenye vibanda vya Kibirizi.

Unanijua sipendi kusema mbele ya watu wazima. Ulipokuwa hapa Ramadhani sidhani kama uliisikia sauti yangu hata mara mbili. Usifikiri basi kwamba nimetumwa na Mama. Nimekasirika mwenyewe, Baba Mkubwa, na kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Juma lililopita tulimpeleka Babu hospitali, akapigwa picha ya eksirei ya shingo. Daktari aliiweka kwenye taa, akatuonyesha mimi na Mama. Mbele ya pingili za shingo mifupa imeota na kuungana, imetokeza kama mdomo wa kasuku, nayo inaisukuma njia ya chakula na kubana mahali sauti inapotokea. Ndiyo sababu ugali unamkwama na maji yanampalia. Sauti iliyokuwa ikinadi dagaa Kibirizi nzima ikasikia, sasa ni kama ya mtu anayenong'ona ndani ya mtungi.

Si mwiba wa samaki, wale migebuka wa ziwani, kama tulivyodhani mwanzoni tukawa tunamsugua shingo kwa mawese. Wala si sumu. Hilo la sumu nilimuuliza daktari mimi mwenyewe. Akasema mifupa ya namna ile huota kwa miaka mingi. Leonia aliingia nyumbani kwetu mwaka 1996.

Nataka ukumbuke ulivyofanya. Babu hakuwa akifunga kwa sababu ya ugonjwa, Leonia akamletea uji saa sita. Ukamwamuru aonje kwanza, kama Waha na Warundi wanavyofanya wanapompa mtu chakula. Aliweka bakuli chini, akasema, "Baba, ni mchana." Leonia ni Mkristo, lakini tangu akimbie vita kwao Burundi na kuja kukaa kwetu, hajawahi kutia kitu kinywani mchana wa Ramadhani, kwa heshima ya nyumba. Mama alikueleza. Ukamjibu kwamba mwenye kupikiwa hawezi kuwa shahidi. Ukacheka, ukawaita majirani waje wamwone mpishi anayeogopa chakula chake.

Kesho yake ulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki kwamba anamtilia Babu sumu. Wakimbizi waliokaa mitaani walikuwa wakikusanywa kupelekwa makambini, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Labda angechukuliwa hata bila wewe. Lakini wenzake walikwenda na majina yao, yeye akaenda na jina ulilompa wewe. Alipanda lori na kanga mbili, na wewe ulikuwa umekaa barazani ukisubiri kufuturu.

Mama amekwenda kumwona huko kambini, upande wa Kasulu. Neno lako lilifika pamoja naye. Hakuna anayeazima sufuria yake, na kwenye foleni ya maji wanawake humwita umurozi, yaani mtia sumu. Kitu cha kwanza alichomuuliza Mama ni kama Babu bado yu hai. Cha pili, kama uji unapita.

Juzi tumepata salamu zako kwamba tumlete Babu Dar es Salaam akapasuliwe, ule mfupa upunguzwe, na kwamba atakaa kwako. Mama alifurahi. Daktari naye amesema tusichelewe, maana amekonda sana na chakula kinaweza kumwingia mapafuni. Lakini Babu amekataa. Ilimchukua muda kulisema, anakohoa na kuanza tena, na hatukumsaidia kwa sababu anachukia kumaliziwa maneno. Alisema, "Omari akale kwanza kwa Leonia, mbele ya watu. Halafu mimi nitakwenda kula kwa Omari."

Shangazi Mwanvua alimtania kwamba sauti imekwisha lakini kiburi kimebaki chote. Babu akacheka mpaka akapaliwa. Hata hivyo hakubadili. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kumwomba alifute lile neno. Akasema hawezi kulitoa neno ambalo hakulileta yeye.

Kwa hiyo sitakubembeleza. Panda treni uje. Mama atakupeleka Kasulu. Ukae chini mbele ya wale wanawake wa foleni, Leonia akupikie, ule umalize, kisha useme kwa kinywa chako kwamba ulimsingizia. Usitume zawadi, wala usimtume mtu. Ukiona aibu, ujue Babu huona aibu kila siku anapogeukia ukutani ili tusimwone akimeza.

Na usipokuja, Babu akafa njaa na chakula kipo, nitasimama kwenye matanga na kuwaambia watu wote kilichomwua. Siku hiyo nitasema kwa sauti.

Mama na Shangazi Mwanvua wanakusalimu. Nisalimie Mama Mkubwa Hadija, umbusu Mwanne, na umwambie Zubery asome kwa bidii. Mwenyezi Mungu akupe safari njema na moyo mwepesi wa kukiri.

Nimemsomea Babu barua hii yote, nikamuuliza kama ana salamu za kukupa. Alitikisa kichwa. Nilipokuwa naikunja akanishika mkono, akasema, "Mwulize anakuja lini."

Mwanao, anayekupenda na ambaye hajakusamehe,

Yusra