Swali Langu Halikusomwa

Ijumaa, 6 Machi 2015
Nimerudi kutoka ukumbi wa chama chetu Waswahili, Baghdadiyah, mwanangu Zuhura mgongoni. Vikombe vyote nimeviosha mimi. Mgeni wa leo daktari. Mada: presha na chumvi. Wiki iliyopita alikuja bwana wa kuuza viwanja. Kabla yake, ufugaji wa kuku. Kuku! Na sisi tuko Jedda, chumba kimoja Karantina!

Wanawake tunakaa nyuma ya pazia. Hatuulizi kwa mdomo. Tunaandika, karatasi inapitishwa kwa katibu, Bwana Rajabu, naye ndiye anayesoma. Niliandika: mtoto aliyezaliwa nyumbani anapataje cheti cha kuzaliwa? Akasoma: "Dada mmoja anauliza, mama anayenyonyesha apunguze chumvi?" Sikuuliza hivyo! Karatasi zilikuwa mbili tu, yangu na ya Bi Salma, na Bi Salma aliuliza habari ya magoti. Mara ya tatu hii ananifanyia.

Jumapili, 8 Machi
Juma amepiga simu kutoka Riyadh, anakoendesha gari la familia. Kafili wake, yule mwajiri anayemdhamini, hataki kuongeza mkataba. Mwisho wa Aprili tunarudi Mombasa. Mimi na Juma tuna pasi. Zuhura ana miezi saba, hana hata kipande cha karatasi. Hospitalini walitaka cheti cha ndoa, nasi tulikiacha kwa mama yangu Mombasa. Nikazalia chumbani, mikononi mwa mkunga. Bila cheti hapati pasi. Bila pasi hapandi ndege. Nimwache kwa nani? Simwachi.

Juma ananiambia nivumilie, Bwana Rajabu ni mtu mzima. Nikamkatia simu. Kisha nikalia. Mtoto ananichekea tu, hajui lolote, roho yangu.

Jumanne, 10 Machi
Nimekwenda kwa Bi Salma. Wazee wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye kazaliwa hapa hapa. Nilipomweleza alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Mwanangu, Rajabu hasomi kinachomtia hofu. Wenye watoto wasio na karatasi mko wengi. Anaogopa yakisemwa pale, ukumbi utafungwa na serikali."

Kumbe anajua! Anajua, na anatusomea chumvi.

Ijumaa, 13 Machi
Mada: malezi bora. Mgeni watoto wake wote wako bwenini Kenya. Ndiye anayetufundisha kulea. Amesema mama mwema haachani na mwanawe hata siku moja. Hapo nikashindwa kuvumilia.

Nilivuka pazia na Zuhura begani. Nikauliza swali langu kwa mdomo wangu.

Bwana Rajabu: "Dada, utaratibu ni kuandika."

"Nimeandika mara tatu, kaka. Umesoma chumvi."

Mwanamume mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Yalla, Rajabu, leo umepatikana!" Wakacheka. Mimi sikucheka. Mtoto wangu si kichekesho.

Kisha sauti nyuma ya pazia: "Na mimi wangu hana." Nyingine. Nyingine tena. Mgeni akakunja karatasi zake, halas, mada imekwisha. Rajabu alinitazama kama nimemvua kanzu mbele za watu. Na aone aibu. Sisi tumeiona miezi yote hii.

Jumatano, 18 Machi
Rajabu amepiga simu. Nilijua ananifukuza. La. Ijumaa anakuja mpwa wa Bi Salma, anayetafsiri karatasi za watu na kuwafuatilia maofisini. Kumbe Bi Salma alimwendea Rajabu hadi nyumbani kwake, akakaa mlangoni mpaka Rajabu akakubali. Rajabu hakuniomba radhi. Amesema tu, "Njoo mapema, dada."

Hasira bado ninayo. Nitakwenda mapema.

Ijumaa, 20 Machi
Ukumbi ulijaa. Wanawake wengine sijapata kuwaona, na watoto wao. Mpwa wa Bi Salma alisema wazi, bila kupamba: cheti cha ndoa kitoke nyumbani, barua ya mkunga, mashahidi wawili. Kwamba kitapatikana kabla ya Aprili kwisha, hakuniahidi. Amesema tuanze leo.

Mama yangu amekwishapata mtu wa kuleta cheti kutoka Mombasa.

Fomu nimeijazia sakafuni, Zuhura kalala pajani. Jina la baba. Jina la mama. Jina la mtoto. Tangu azaliwe hakuna aliyetaka jina lake kwa kalamu. Nimeliandika polepole, herufi moja moja, nisikosee.