Dawa Niliyomtangazia Bibi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Macho ya Bibi yanazidi kufifia, lakini ulimi bado mkali.

Ile ripoti yako ya Kiingereza, ya utafiti wenu wa dawa ya korona, nilimsomea Bibi kwa Kiswahili, jirani yetu fundi cherehani akisikiliza. Nilieleza vizuri, Shangazi. Nilisema kirusi cha korona huungwa ndani ya seli kipande kwa kipande, kama kitanda cha mbao, na protini ya M ndiyo inayozivuta protini nyingine zikae mahali pake. Mkipata kitu cha kuing'ang'ania isibadili umbo, hakuna kirusi kipya, ni mbao tu zimetapakaa.

"Kwa hiyo mwanangu ameipata dawa?" Bibi akauliza.

Uliandika kwamba mmejaribu kwenye seli za maabara tu, bado si kwa watu. Lakini alikuwa anatabasamu, nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Umesikia?" akamgeukia fundi. "Na wewe ulisema anapoteza muda kule!"

Sasa fundi ana korona, yuko kitandani siku ya nne, anahema, na hospitali hataki. "Nangoja dawa ya binti yako," anamwambia Bibi kupitia dirisha. Mimi nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mlangoni kwake.

Bibi amekaa hapa kando yangu. Anadhani nakuandikia utume hiyo dawa. Sasa hivi amesema, "Haya, nisomee ulichoandika."

Nitamsomea hii hii, yote, halafu nikagonge mlango kwa fundi.

Ni mimi, mkalimani wenu niliyewadanganya.