Sentensi Mia Tatu za Kaka

Ijumaa, 6 Juni

Zimerudishwa. Zote mia tatu! Wiki nzima kaka kakaa chumbani kwangu akisoma sentensi za hospitali, mimi nikizirekodi kwa simu kama ujumbe wa sauti, najitumia mwenyewe. Leo fundi wa sauti wa hospitali kanijibu mstari mmoja: WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, isiyobanwa. Sikujua sauti nayo ina saizi kama viatu.

Alhamisi kaka anatolewa kikoromeo. Kansa. Baada ya hapo ataongea kwa mashine. Faili zikiwa nzuri, mashine itakuwa na sauti yake. Zikiwa mbovu, sauti ya mtu baki. Mwisho wa kupokea ni Jumatano, saa kumi jioni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata programu ya bure ya kubadilisha. Matangazo kibao. Faili moja moja, mia tatu! Mgongo umekufa ganzi. Sasa zote zina WAV mkiani na zimevimba mara kumi. Nimetuma. Nikajiona mjanja.

Jumatatu, 9 Juni

Mjanja wa wapi. Fundi kapiga simu: nimebadilisha jina, sauti ni ile ile. Ujumbe wa sauti hubanwa tangu unaporekodiwa. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirefuki kwa kutiwa sanduku kubwa. Turekodi upya.

Nimelia jikoni. Daktari alishamwambia kaka apumzishe sauti. Nilipomwambia, akacheka. Eti mdogo wangu, hiyo sauti naipumzisha iende wapi?

Jumanne, 10 Juni

Nimeazima kinasa sauti cha mwalimu wa kwaya. Tumetundika mablanketi ukutani. Jirani fundi wa kuchomelea anasaga vyuma tangu asubuhi, tunavizia akinywa chai.

Kaka ni mnadi wa sokoni, hawezi kusoma kistaarabu. "Leo kuna mawingu kidogo" — anaisema kama ananadi mbuzi! Nikamfokea. Akanikumbusha koo ni lake.

Sentensi ya 88, natazama kioo cha kinasa: 48,000, si 44,100. Nikampigia fundi wa sauti, tayari kutukanwa. Kasema hizo zinashushwa bila shida, kupandisha ndiko hakuna maana. Tukaendelea. Tumefika 140, sauti imeanza kukwaruza.

Jumatano, 11 Juni

Saa saba mchana tumefika 231. Fundi alisema mia mbili zinatosha, ila mashine itakuwa na kigugumizi hapa na pale. Nikataka tumalizie 69 zilizobaki.

Kaka akauliza, jina la Kengele ni sentensi ya ngapi? Kengele ni bintiye, miaka sita, jina kapewa kwa kelele zake. Nikaipekua orodha yote. Daktari wa meno yumo. Kituo cha mabasi kimo. Mtoto hayumo, na atatoka wapi? Orodha ni moja kwa wagonjwa wote.

Akaiweka karatasi chini. Akaliita. Vile anavyomwita kutoka uani. Vile anavyomkemea. Anavyombembeleza akiwa na homa, anavyomwamsha kwenda shule. Mara thelathini na nne. Nilitaka kumwambia anamaliza sauti, nikashindwa. Ya mwisho ilitoka pumzi tupu. Tangu hapo hasemi, anaonyesha kwa vidole.

Nimezishusha zote hadi 44,100, nimekagua mara mbili. Nimezipakia mtandaoni. Sasa ukurasa wa hospitali unaandika: faili 34 hazimo kwenye orodha, ziondoe ili uendelee. Kitufe kimoja tu! Nikiziondoa, mashine itamwita mwanawe kama inavyotaja kengele ya mlango. Nisipoziondoa, hakuna kinachopokelewa.

Saa tisa na dakika hamsini. Fundi hapokei simu. Nimempigia mara sita. Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia uko juu ya kipanya, na kaka ameushika, anatikisa kichwa, haniachii