Bangili Niliyokuchagulia

Baba Neema wangu,

Najua huko uliko hakuna anayepokea barua, lakini jana nimefanya jambo na sina mwingine wa kumwambia. Humu nyumbani hakuna anayeongea nami. Nimekaa mlangoni mchana huu wa jua kali, nakuandikia wewe tuliyekuzika miezi minne iliyopita hapo nyuma ya zizi.

Unakumbuka tulivyofunga ndoa kwa pete za kuazima? Miaka ile madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse pete. Mchungaji alitoa zile za kanisa, tukavishana, kisha mzee wa kanisa akatusubiri mlangoni azirudishe kwenye kopo lake. Ulicheka mpaka tai ikakaa upande. Ukasema, "Mama, tutanunua zetu." Haukupita muda, mashine ya kuchambua pamba kiwandani kwenu ikala kidole chako cha pete, na baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa, wote mkarudi nyumbani.

Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, bidhaa zikajaa hadi barabarani, nawe ukaanza biashara ya alizeti, unaondoka na malori wiki mbili, tatu. Nikasema basi, kama kidole hakipo, mkono upo. Nikakupima kwa uzi, nikakudanganya kwamba nataka kukufumia sweta. Mjinga wewe, ukanyoosha mkono na macho umefumba. Mwaka mzima ukawa unaniuliza sweta imefika wapi.

Nilipanda basi kutoka Kiomboi hadi Singida mjini, uzi wenyewe nimeufunga kwenye pindo la kanga. Yule sonara karibu na soko alinimwagia bangili mezani. Moja ilikuwa na kichwa cha simba, nyingine ya minyororo, nyingine imechorwa maua. Nilikuwaza wewe kwenye mizani ya alizeti na maua mkononi, nikacheka peke yangu. Nikamwambia nataka ya fedha tupu, bapa, isiyo na jina wala pambo.

"Ya mgonjwa wa baridi yabisi?" akauliza. "Hao nawapa ya shaba."

"Ni ya mume wangu. Mzima kabisa."

"Basi chukua hii iliyo wazi, mama. Mkono ukinenepa unaiachia, ukikonda unaibana."

Nikaichagua hiyo. Ulipoivaa ulisema wanaume wenzako watakucheka, lakini toka siku hiyo ukawa unakunja mkono wa shati hata wakati wa kipupwe. Nilijivuna. Nasema kweli, nilijivuna kuliko siku ya harusi.

Halafu ukaanza kukohoa. Ukirudi safari, bangili inashuka hadi kwenye vidole, unaniletea mkono. Nabana kidogo kwa vidole gumba viwili. Safari nyingine nabana tena. Nafasi iliyokuwa inapitisha kidole ikawa haipitishi hata njiti ya kiberiti, kisha ncha zikakutana, nikakosa pa kubana. Siku hiyo ulinitazama usoni, ukajua kwamba nimejua. Daktari alikuwa bado hajatuita ofisini kwake kutuambia.

Alipotuita, tulipotoka pale ulinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo. "Wasijue," ukasema. "Hata mama asijue. Sema ni kifua." Nikakuahidi. Nikasema ni kifua kwa kila aliyekuja kukutazama, na msibani nikasema ni kifua, na mama yako akanishukuru kwa kukuuguza.

Ningekaa na ahadi yako mpaka kufa kwangu. Mimi sijapima, wala sihitaji kupima, najijua. Lakini ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Koti, baiskeli na redio vilipata wenyewe. Bangili akapewa mdogo wako Yona. Akaipanua pale pale, akaivaa. Kisha baba mkubwa akasema Yona amekubali kunirithi.

Ingekuwa ni tamaa, ningemtukana nikamaliza. Lakini unamjua Yona. Alikuja pembeni, ameinamisha kichwa, akaniambia, "Shemeji, mimi nina mke na sikutafuta hili. Ila mtoto wa kaka hawezi kukaa kama hana mtu." Mke wake ana mimba ya miezi saba, Baba Neema. Alikuwa jikoni anatupikia ugali.

Nilisema sitaki. Baba mkubwa akauliza, "Sitaki bila sababu? Au una mwanaume wako?" Wakanipa siku saba nifikirie. Siku saba nimelima, nimeteka maji, nimekuomba hata ndotoni unifungue kwenye ile ahadi. Hukuja. Nilikukasirikia sana. Uliniachia mzigo huu, ukaenda kulala.

Jana wakakaa tena. Nikasimama, nikawaambia haikuwa kifua. Nikautaja ugonjwa kwa jina lake. Mama yako akajifunika kanga usoni. Baba mkubwa akauliza ni nani kati yetu aliyeuleta ndani, nikasema sijui, na hiyo ndiyo kweli, nilikataa kukuuliza ulipokuwa hai na sitakuuliza leo. Yona akaivua bangili, akaiweka juu ya kigoda, akajifuta mkono kwenye suruali. Alijifuta mara mbili. Kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Leo asubuhi nimemkuta mama yako anafagia. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama. Akaendelea kufagia. Nikarudia. Akafagia mpaka miguuni pangu, akanizunguka, akaendelea mbele. Miaka yote niliyoolewa hapa hajawahi kuniacha na salamu mdomoni. Nadhani wiki hii watanitoa, na sijui kama mwanetu Neema wataniachia.

Ulitaka wakukumbuke kama mtu wa kifua. Nimekuvua nguo mbele ya ukoo wako mzima, nami niliapa mbele ya Mungu kwamba nitakupenda. Sitakuomba msamaha, maana najua hata ungekuwa hai usingenipa. Yona atamwona mwanawe akizaliwa. Atazeeka, na atazeeka akinichukia.

Lala, baba. Nimechoka kukutunzia siri.

Mkeo,
Mama Neema