Mama Bunduki

Jumatatu, 3 Machi

Tumefika kambi ya mafunzo ya vijana jua likiwa utosini. Hata mabegi hatujayaweka chini, tukapangwa mistari. Afande wa kike – mfupi, sauti kama king'ora – akasema mwenye mtoto anayenyonya atoke mbele. Arudi nyumbani kwa amani, aje mwakani. Hakufoka. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia baridi.

Wakatoka wawili. Mmoja analia. Mimi miguu iligoma.

Mwakani! Mwakani umri utakuwa umeshanipita. Na wanaomaliza hapa ndio wanaofundishwa ufundi umeme, halafu wanapewa kazi. Kazi ya kweli, na kofia ngumu kichwani. Baba wa mwanangu naye alisema anakwenda kutafuta kazi – anaitafuta mpaka leo, maskini, labda imejificha.

Binti yangu ana miezi tisa. Nimemwacha na mama. Mama alinisukuma mlangoni: nenda, usigeuke, ukigeuka huendi tena. Sikugeuka. Nilimsikia tu mwanangu analia.

Jumanne, 4 Machi

Tumegawiwa bunduki. Za mbao! Lakini afande wa kwata hataki mchezo. Tumempa jina Mluzi, maana anapiga mluzi ndipo anatukana. Anasema huyu ndiye mumeo, unakula naye, unalala naye, ukimwangusha seksheni yote inalala uwanjani. Msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, na akikoroma je? Kicheko! Tukakimbizwa uwanja mzima kwa kicheko hicho.

Kila mtu kapewa pacha. Wangu ni msichana aliyekuwa kinyozi mtaani kwao, basi tunamwita Kinyozi. Ana mikono mikubwa na maneno machache. Sheria ya mapacha: mmoja akikosa, wote wamekosa. Mmoja akificha kosa la mwenzake, wote wanafungasha virago.

Nimejifunga kifua kwa kipande cha kitenge, nikakaza mpaka pumzi inapita kwa shida. Maziwa nayakamua chooni. Chakula cha mwanangu kinakwenda na maji ya choo. Eeh Mungu, usinihesabie.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nusura!

Tumesimama kwata, kimya, jua linachoma. Bunduki begani. Mawazo yakanitoroka yakaenda nyumbani – atakuwa amelala saa hizi, au analia? Nikasikia mluzi karibu na sikio. Mluzi kasimama mbele yangu, ananitazama kama anayetazama kioja. Ndipo nikajiona. Bunduki nimeilaza kifuani. Naipigapiga mgongoni. Na nayumba, mguu huu, mguu ule, pole pole.

Akauliza: imecheua?

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nami nikacheka, meno tu. Seksheni yote tumezunguka uwanja na bunduki juu ya vichwa mpaka mikono ikawa si yetu.

Bwenini Mlingoti – yule mrefu wa kitanda cha dirishani – akanijia juu. Mama Bunduki, siku nyingine mwachie yaya, sisi tumechoka kukulelea! Wote wakadakia. Mama Bunduki, mwanao ana njaa. Mama Bunduki, mvishe nepi. Wananitania tu. Hawajui wamepiga palepale. Kila wakiita Mama nashtuka kama mwizi.

Kinyozi peke yake hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana afande wa kike katuketisha duara, chini, bila viatu. Anasema leo hakuna mbio, leo tunajuana. Kila mtu aseme kitu ambacho wenzake hawakijui. Linalosemwa hapa linabaki hapa. Mh! Mdomo na sikio ni majirani.

Mlingoti, na urefu wote ule, anaogopa chura. Kinyozi alisema amemlea mdogo wake tangu kitovu hakijakauka, mama yao alifia leba. Alisema hivyo tu, kama anasema bei ya sabuni.

Zamu yangu. Nikasema naogopa radi. Afande akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikaa kwangu kidogo zaidi ya yalivyokaa kwa wengine. Au ni woga wangu? Mwenye hofu hata kivuli chake anakipisha.

Nilitamani kusema. Wallahi nilitamani. Duara lilikuwa zuri.

Jumapili, 9 Machi

Ziwa la kushoto gumu kama jiwe. Linawaka. Natetemeka kwa baridi na wenzangu wanajipepea.

Nilikuwa nafua. Kinyozi akanisogelea, akanionyesha kwa kidevu shati langu lililolowa. Nikasema jasho. Akasema: jasho la upande mmoja?



Akaniambia nisimfanye mtoto, yeye kazi ya kulea anaijua. Akaniuliza ana umri gani. Nikasema miezi tisa. Akakaa juu ya ndoo. Alikuwa na hasira: yaani umeniingiza kwenye chungu chako bila kuniuliza! Mimi nimefunga saluni yangu kuja hapa. Nikifukuzwa narudi wapi? Nikalia. Nikamwambia kanishtaki, ndugu yangu, utakuwa na haki. Akaondoka.

Nikajua amekwenda kwa afande. Nikaanza kukunja nguo.

Akarudi na kikombe cha maji ya moto na kitambaa. Akanikanda mwenyewe, nyuma ya kamba za nguo, kwa ile mikono mikubwa. Niliuma mkono wa shati nisipige kelele. Nikataka kumshukuru. Akasema usinishukuru, sijakusamehe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemuumiza mtu.

Asubuhi zoezi linaitwa Niamini. Unapanda jukwaa la mbao, unawapa mgongo wenzako, unafumba macho, unajiachia. Chini mapacha wanatazamana, wameshikana vifundo vya mikono, wanakudaka. Mimi na Kinyozi tulipangwa katikati, pale mabega yanapofikia. Kinyozi aliniangalia: utaweza? Nikasema nitaweza. Homa ilikuwa inanipigia ngoma masikioni.

Wa kwanza, salama. Wa pili alinigonga kifuani kwa kiwiko, nikaona nyota mchana. Wa tatu Mlingoti. Akapiga kelele kutoka juu: Mama Bunduki, nidake kama mwanao! Akajiachia, anacheka. Nami nikaona ule mgongo unanijia – nikageuza kifua. Kidogo tu! Mkono ukachomoka.

Sauti ya bega lake chini siitaki tena maishani.

Wamempeleka zahanati, bega limeteguka. Hata alipokuwa anabebwa alikuwa anauliza, imekuwaje, jamani, mmeniachiaje? Hatanii sasa.

Mluzi hakupiga mluzi. Ndio vibaya zaidi. Kasema nani kaachia mkono atajulikana leo, na huyo kambi hii haimfai. Sasa tuko kwenye benchi nje ya ofisi, seksheni nzima, tunaitwa mmoja mmoja. Naandikia gotini. Wenzangu wanadhani naandika barua nyumbani. Shati limelowa tena, nimelifunika kwa kofia.

Nikisema, kila kitu kitatoka. Kwa nini mkono, kwa nini kifua, mtoto. Nikinyamaza, labda watasema ajali. Labda. Mwanangu, kile kibarua cha umeme ni chako, si changu –

Kinyozi ndiye wa kwanza kuingia. Mlango haukufungika vizuri. Afande wa kike anauliza, nani aliachia? Anauliza tena.

Kinyozi anasema: mimi, afande. Kiganja kililowa jasho.

Anasema nini huyu!

Mluzi anamwambia kafungashe. Hivyo tu, neno moja. Nasikia kiti kinasogezwa. Kinyozi hataji saluni, hataji mdogo wake.

Nimesimama. Wananivuta mkono, kaa wewe, hujaitwa! Kofia imeanguka, sijaiokota. Wanaona wote. Mmoja amesema, jamani, kumbe ni kweli mama –

Naandika daftari likiwa ukutani, kando ya mlango. Mkono wa pili uko kwenye kitasa.